Je, redio ilimmaliza Gerallt Lloyd Owen?

Msomaji wetu mmoja, mtunzi wa mashairi ya vina na mizani, ameuliza hivi: amesikia kwamba huko Wales aliishi mshairi aitwaye Gerallt Lloyd Owen, aliyekaa redioni zaidi ya miaka 30 akizipa maksi tungo za watu wa kawaida, wengi wao wakulima na walimu. Anataka kujua mtu huyo alikuwa nani, alifikaje kwenye maikrofoni, na kama kazi ya kupima tungo za wenzake haikuula ushairi wake mwenyewe, maana vitabu alivyoacha ni vichache mno.

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, lakini naona linalokusumbua ni hilo la mwisho. Nikujibu mapema usije ukasoma kwa wasiwasi: redio haikumla. Ilimpunguzia idadi ya mashairi, hilo sikatai, lakini ilimpa kazi ambayo ghadhabu yake ya ujanani ilikuwa inaidai. Ili ulione hilo sharti tuanze na mahali alipokulia, kwa sababu bila mahali pale hakuna mshairi huyu.

Gerallt alizaliwa tarehe 6 Novemba 1944, akakulia Y Sarnau, kijiji kidogo karibu na mji wa Bala, kaskazini mwa Wales. Ni sehemu ya milima, kondoo na ziwa, na enzi za utoto wake Kiwelisi ndicho kilichosemwa dukani, kanisani na mazizini. Wakati huo lugha ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma nchini. Sensa ya 1911 ilihesabu wasemaji 977,366. Ya 1961 ikakuta 656,002, yaani robo tu ya watu wote. Lakini pembezoni mwa Bala ungeweza kuishi wiki nzima bila kukisikia Kiingereza. Na hapo mkulima aliyeacha shule mapema hakuona ajabu kukutungia ubeti wenye kanuni ngumu, akausema kwa moyo, kisha akarudi kwa kondoo wake. Vijiji vilikuwa na matamasha yao madogo ya kushindana kwa kuimba, kughani na kutunga, yanayoitwa eisteddfod, na juu ya hayo madogo lipo la taifa, linalofanyika mwanzoni mwa Agosti, mwaka mmoja kaskazini, unaofuata kusini.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa arudhi, nikueleze kanuni zenyewe, maana hapo ndipo utamwelewa. Sisi tunahesabu mizani na kuchunga vina, cha kati na cha mwisho. Wawelisi nao wanahesabu mizani na kuchunga vina, lakini wameongeza sharti la tatu liitwalo cynghanedd: ndani ya mshororo mmoja, sauti sharti zijibizane. Zipo aina nne, na kanuni zake zilikwisha kukazwa katika karne ya 15. Chukua mshororo huu wa Gerallt mwenyewe, kutoka katika shairi lake Etifeddiaeth, yaani Urithi:

Gwerth cynnydd yw gwarth cenedl.

Hesabu: mizani saba. Sasa ukate katikati, uuache kando ule yw, na usikilize konsonanti peke yake. Kushoto una g, r, th, k, n. Kulia una g, r, th, k, n. Zote zimerudi, kwa mpangilio uleule, hakuna iliyoruka foleni. Irabu zimebadilika, na sauti za mwisho kabisa zimeachana, kwa sababu kanuni inadai ziachane. Sasa maana yake: bei ya maendeleo ni aibu ya taifa. Angalia kazi aliyoifanya. "Bei" na "aibu" kwa Kiwelisi zimetofautiana irabu moja tu, na yeye amezisimamisha uso kwa uso ndani ya mshororo mmoja, kiasi kwamba sikio linakubali hoja kabla akili haijapata nafasi ya kubisha. Mtu akikuambia kanuni zinaufunga ushairi, mpe mshororo huo.

Bahari inayopendwa kuliko zote ni englyn: mishororo minne, mizani 10, 6, 7 na 7, jumla 30, kina kimoja, na cynghanedd ndani ya kila mshororo. Ndiyo wanayoandika juu ya makaburi, ndiyo wanayopongezana nayo harusini. Tungo ndefu ya bahari hizi za kale huitwa awdl, nayo ndiyo inayoshindaniwa Kiti cha Eisteddfod ya taifa, heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupata mshairi wa Kiwelisi. Kiti ni kiti kweli, cha mbao, kimechongwa na fundi kwa ajili ya mwaka huo. Na majaji wakiona hakuna aliyefikia kiwango, hakikaliwi na mtu.

Kijana wa Y Sarnau aliijua sanaa hii mapema. Urdd, umoja wa vijana wa Wales ulioanzishwa mwaka 1922, una eisteddfod yake, na Gerallt alichukua kiti chake mara tatu: 1962, 1965 na 1969. Ya kwanza alikuwa na miaka 17. Kitabu chake cha kwanza, Ugain Oed a'i Ganiadau, kikatoka mwaka 1966. Alisomea ualimu katika Coleg Normal, Bangor, akafundisha Trawsfynydd, kisha akahamia Pen-y-bont ar Ogwr kusini. Trawsfynydd si kijiji cha kupita hivihivi kwa mshairi yeyote wa huko: ndiko alikotoka Hedd Wyn, mchungaji wa kondoo aliyeuawa vitani Julai 1917, wiki chache kabla ya kutangazwa mshindi wa Kiti cha taifa. Kiti kile kilifunikwa kitambaa cheusi jukwaani.

Sasa tuje kwenye ghadhabu niliyoitaja. Mambo mawili yaliichochea.

La kwanza ni maji. Ng'ambo ya Bala, kwenye bonde la Tryweryn, kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn. Mji wa Liverpool, ulio Uingereza, ulitaka bwawa. Mwaka 1957 Bunge la London likaupa ruhusa ingawa hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeupigia kura ya ndiyo. Kijiji kikazamishwa na makaburi yake, shule, posta, kanisa na mashamba, na bwawa likafunguliwa rasmi Oktoba 1965. Gerallt alikuwa hajatimiza miaka 21, na yote hayo yalitendeka mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka arobaini baadaye.

La pili ni taji. Tarehe 1 Julai 1969, katika ngome ya Caernarfon, Malkia Elizabeth alimsimika mwanawe Charles kuwa Mwanamfalme wa Wales. Ngome hiyo ilijengwa na Edward wa Kwanza baada ya kuiteka nchi, na cheo hicho kiliwahi kuwa cha Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliyeuawa tarehe 11 Desemba 1282. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa London kuonyeshwa watu. Kwa hiyo mwaka 1969 kuna Wawelisi walioshona bendera ndogo na kuoka keki, na kuna walioona wanalazimishwa kushangilia kushindwa kwao wenyewe. Ili kulainisha mambo, Charles alipelekwa Chuo Kikuu cha Aberystwyth kusoma Kiwelisi kwa muhula mmoja, na mwishoni mwa Mei akapanda jukwaa la Eisteddfod ya Urdd, mjini humohumo, kuhutubia kwa lugha hiyo. Vijana wengi walisimama wakatoka nje.

Ni katika eisteddfod hiyohiyo Gerallt aliposhinda Kiti kwa tungo zilizopinga usimikaji ule. Mishororo miwili ya shairi lake Fy Ngwlad, Nchi Yangu, ikawa midomoni mwa watu na haijatoka hadi leo:

Wylit, wylit, Lywelyn,
Wylit waed pe gwelit hyn.

Mizani saba, mizani saba. Ungelia, ungelia, Llywelyn. Ungelia damu lau ungeliona hili. Hakuna picha ya kuvutia, hakuna neno gumu. Kuna kitenzi kimoja kinachorudiwa mara tatu na jina la mtu aliyekufa karibu miaka 700 kabla ya hapo, anayesemeshwa kama jirani aliye ng'ambo ya uzio. Mtu asiyejua lugha hiyo akiisikia anaweza kudhani ni kilio cha msibani, na hatakuwa amekosea.

Tungo hizo na nyingine zikakusanywa mwaka 1972 katika Cerddi'r Cywilydd, Mashairi ya Aibu. Kitabu ni kidogo, kimechapwa tena na tena. Wengi wanaokitaja bila kukisoma hudhani ni kitabu cha kuwatukana Waingereza. Sivyo hata kidogo, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake ya baadaye. Aibu anayoisema ni ya Wawelisi wenyewe. Katika Etifeddiaeth anasema tulipewa nchi tuitunze, tulipewa taifa, tulipewa lugha, na sisi ndio tulioviacha vichukuliwe. Watu wake anawaona kama mwani unaokwenda na maji yanapokupwa. Anaposema "sisi" anajihesabu na yeye. Sasa mtu aliyefikia uamuzi huo akiwa na miaka 27, kwamba kosa liko nyumbani, atafanya nini na maisha yaliyobaki? Anaweza kuendelea kulalamika. Au anaweza kwenda nyumbani akatengeneze.

Gerallt alikwenda kutengeneza. Mwaka uleule wa 1972 aliacha ualimu akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, Gwasg Gwynedd. Ilitoa vitabu vya kila aina kwa Kiwelisi, na iliyojulikana zaidi ni Cyfres y Cewri, mfululizo wa watu mashuhuri wakisimulia maisha yao wenyewe, vitabu ambavyo hata asiyesoma mashairi alivinunua. Mwaka 1976 akashirikiana na mshairi Alan Llwyd kuanzisha chama cha washairi wa bahari za kale na jarida lake, Barddas. Katikati ya hayo, mwaka 1975, Eisteddfod ya taifa ilipofanyika Cricieth, alichukua Kiti kwa awdl yake Yr Afon, yaani Mto.

Tumefika redioni. Ili uelewe kwa nini redio ilikuwa na uzito mkubwa kwa Wawelisi, kumbuka kwamba kampeni nzima ya kuiokoa lugha yao iliwashwa na hotuba ya redioni. Tarehe 13 Februari 1962, mwandishi Saunders Lewis alisoma BBC hotuba iitwayo Tynged yr Iaith, Hatima ya Lugha, akatabiri kwamba Kiwelisi kitakufa mwanzoni mwa karne ya 21 watu wasipofanya mapinduzi. Kabla mwaka haujaisha, vijana walikuwa wameanzisha chama cha kuitetea lugha, Cymdeithas yr Iaith. Mawimbi ya redio na televisheni yakawa uwanja wa mapambano: walipanda minara ya matangazo, walikataa kulipia leseni za televisheni, wengine wakafungwa jela. Redio ya taifa ya Kiwelisi, Radio Cymru, ilianza Januari 1977. Chaneli ya televisheni, S4C, ilipatikana Novemba 1982, baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutangaza kwamba atafunga kula hadi afe serikali isipotimiza ahadi yake.

Mchuano wa washairi redioni ulikuwa na historia yake kabla ya hapo. Studio ya BBC mjini Bangor ilifunguliwa mwaka 1935 chini ya Sam Jones, mtangazaji aliyeamini kwamba burudani bora ya Wawelisi iko vijijini mwao na kazi ya redio ni kuifuata huko. Katika kipindi chake cha Ymryson y Beirdd timu za washairi zilishindana, na mwamuzi alikuwa mhariri wa gazeti la Yr Herald Cymraeg, mshairi R. J. Rowlands, ambaye jina lake la kishairi lilikuwa Meuryn. Alikaa kwenye kazi hiyo hadi jina lake likageuka kuwa cheo. Leo mwamuzi yeyote wa mchuano wa namna hiyo huitwa meuryn.

Mwaka 1979 Radio Cymru ikaanzisha Talwrn y Beirdd, na meuryn wake akawa Gerallt. Talwrn ni uwanja wa kupiganisha majogoo, kwa hiyo unaweza kukisia mwenyewe roho ya kipindi.

Nikupitishe ndani ya jioni moja ya Talwrn, maana kusimuliwa kwa jumla hakutoshi. Kipindi hakirekodiwi studio. Mafundi wa BBC wanabeba mitambo hadi kwenye ukumbi wa kijiji au chumba cha kanisa. Viti vinapangwa, wenyeji wanajaa. Mbele kuna timu mbili, kila moja na washairi wachache: utamkuta mwalimu, mkulima, mchungaji wa kanisa, daktari wa mifugo. Timu nyingi zinabeba jina la kijiji au wilaya yao. Kazi wamepewa kabla: cwpled, yaani mishororo miwili kama ile ya Llywelyn, englyn, cywydd ya mishororo mingi, limrig ya kuchekesha, wimbo wa vichekesho, na telyneg, shairi fupi la hisia. Kuna pia mshororo wa papo kwa papo, ambao mada yake inatolewa usiku huohuo na timu zinakuna vichwa huku kipindi kikiendelea. Mshairi anasoma. Ukumbi unacheka, au unanyamaza. Kisha meuryn anazungumza, palepale, bila nafasi ya kwenda kufikiri nje, na anatoa maksi kati ya kumi: nane, nane na nusu, tisa. Nusu maksi ndiyo inayoleta mabishano njia nzima ya kurudi nyumbani.

Fikiria ugumu wake. Huyu meuryn anasikia englyn mara moja au mbili, anatakiwa azikague konsonanti zote kwa sikio, ajue kama kuna aliyeiba sauti moja, aone kama wazo limestahili ufundi au ufundi umefunika utupu, kisha aseme neno ambalo litamfundisha mtunzi bila kumvunja mbele ya majirani zake, na liwafurahishe wasikilizaji ambao wako jikoni au ndani ya gari. Gerallt alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, na sikio lisilosamehe. Hakugawa kumi ovyo. Lakini alikuwa mcheshi na mwenye huruma kwa mtu aliyejaribu jambo kubwa akashindwa, kuliko kwa mtu aliyejaribu jambo dogo akafaulu. Mimi nimewahi kukaa kwenye meza ya majaji wa mashairi, na nakuhakikishia kwamba hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu dogo lililokamilika linapendeza haraka.

Haya aliyafanya kwa miaka 32, hadi 2011. Fainali za Talwrn zilikuwa zikifanyika ndani ya Eisteddfod ya taifa, katika hema la fasihi, na watu wakisongamana. Tungo bora hazikuachwa zipotee hewani: alizihariri yeye mwenyewe katika mfululizo wa vitabu, Pigion Talwrn y Beirdd, Gwasg Gwynedd ikachapa. Unaona jinsi mikono yake yote ilivyokutana hapo. Mwamuzi redioni, mhariri wa kitabu, mwenye mashine ya kuchapa.

Kuna lawama ambazo ni za haki, nami sitaki kukuficha. Mchezo wa maksi una hatari yake: mtunzi huanza kutunga kwa ajili ya hukumu, akatafuta mzaha wa haraka au mshororo wa kumeta, akaacha jambo lililo kifuani kwake. Zipo tungo nyingi za Talwrn ambazo ni werevu mtupu. Na kwa muda mrefu ulimwengu huu wa bahari za kale ulikuwa wa wanaume karibu watupu. Ilifika mwaka 2001, Eisteddfod ya Dinbych, ndipo mwanamke wa kwanza, Mererid Hopwood, akakalia Kiti cha taifa. Aliyetaka kujifunza cynghanedd zamani alijifunza kwa baba, mjomba au jirani, na wasichana wengi hawakuitwa kwenye kikao hicho. Redio haikuiondoa kasoro hiyo mara moja, ila ilitoa somo wazi kwa kila mwenye masikio, na hilo si dogo.

Sasa swali lako. Vitabu vyake vya mashairi alivyotoa akiwa hai vinahesabika: 1966, 1972, kisha kimya hadi 1991 kilipotoka Cilmeri a Cherddi Eraill. Miaka 19 kati ya cha pili na cha tatu. Mtu anayetazama tarehe peke yake atasema, bila shaka, Talwrn ndilo lililomnyonya. Lakini tazama kilichotokea katikati.

Mwaka 1982 ulikuwa wa 700 tangu kuuawa kwa Llywelyn, na Eisteddfod ya taifa iliyofanyika Swansea ikatoa mada ya Kiti: Cilmeri, jina la kijiji alikouawa, ambako leo pamesimamishwa jiwe refu la matale. Gerallt alikuwa na miaka mitatu katika kiti cha meuryn. Akapeleka awdl. Nikueleze Kiti kinavyotolewa, maana ni jambo la kuona kwa macho. Watu maelfu wako ukumbini na hakuna anayejua mshindi. Tungo zilipelekwa kwa jina la siri. Jaji anasoma hukumu. Kisha mkuu wa washairi, aliyevaa joho, anatangaza kwamba tarumbeta likilia, mwenye jina fulani la siri asimame, yeye peke yake. Tarumbeta linalia. Taa zinatafutatafuta vichwani mwa watu. Mtu mmoja anasimama. Anasindikizwa jukwaani, upanga mkubwa unachomolewa nusu ala, na mara tatu ukumbi unaulizwa "A oes heddwch?", je, kuna amani? Mara tatu maelfu wanajibu kwa sauti moja: "Heddwch!" Ndipo anapoketi. Mwaka ule aliyesimama alikuwa Gerallt.

Shairi lenyewe linamweka mtu mahali pale, karne saba baadaye. Hapigi kelele. Anauona mwezi kwenye kitawi, jicho jeupe, umepoa kama maiti mwenyewe. Yule kijana wa 1969 alimwita Llywelyn alie damu. Mtu mzima wa 1982 anasimama karibu na mwili na kutazama. Mimi naiona Cilmeri kuwa kubwa kuliko chochote alichoandika ujanani, na siamini kwamba ingeandikwa na mtu ambaye hakuwa na sikio lililonolewa kila wiki kwa tungo za wengine. Mtu aliyesikia mishororo elfu kadhaa ikikosea kwa kujikaza hujifunza mahali pa kutojikaza. Kitabu chenye shairi hilo kilipewa tuzo ya Kitabu cha Mwaka cha Wales mwaka 1992.

Halafu kuna jambo ambalo tarehe za vitabu haziwezi kukuonyesha. Cerddi'r Cywilydd kililia kwamba watu wameuacha urithi wao. Shairi la kilio kama hilo huwezi kuliandika mara kumi; la pili linakuwa kiigizo cha la kwanza. Kilichobaki ni kuhakikisha urithi huo una watu wa kuushika. Katika ile miaka 32 idadi ya wasemaji wa Kiwelisi haikupanda kwa namna ya kushangilia: sensa ya 2011 ilikuta takriban 562,000. Lakini ufundi wa cynghanedd, ambao ungetarajiwa kufa kwanza kwa ugumu wake, ulipata vijana wa kuushika, wakautumia kuandikia mapenzi, mpira na siasa. Sitasema ni yeye peke yake. Wapo waliofundisha madarasa ya jioni, lipo jarida la Barddas, zipo shule za Kiwelisi. Ila meuryn ndiye aliyekuwa akisikika nyumbani kwa watu mwaka baada ya mwaka, akieleza kwa nini mshororo huu umesimama na ule umeanguka. Kwa mizani yangu mimi, hiyo nayo ni kazi ya mshairi, na ingehesabiwa hata asingeongeza shairi moja baada ya 1982.

Aliongeza. Aliandika tungo fupi za kuwaaga marafiki, englyn za makaburini, tungo za kuwapongeza wenzake. Ni ushairi wa matukio, ambao wasomi wa mijini huudharau, na ambao katika utamaduni wa Wales, kama ilivyo katika wa pwani yetu, ndio watu wanaouhifadhi kichwani.

Alipostaafu Talwrn mwaka 2011, kaka yake, Geraint Lloyd Owen, alishinda Taji la Eisteddfod ya taifa, tuzo ya mashairi yasiyofungwa na bahari za kale, mwaka huohuo mjini Wrecsam, na baadaye akawa mkuu wa washairi wa taifa. Nafasi ya meuryn ilichukuliwa na Ceri Wyn Jones, mshairi aliyekwisha kushinda Kiti mwaka 1997 mjini Bala. Gerallt alifariki tarehe 15 Julai 2014, akiwa na miaka 69. Mwaka uliofuata ukatoka mkusanyiko wake wa mwisho, Y Gân Olaf.

Ukitaka kumfuata zaidi, usianze na Cilmeri ingawa nimeisifu; ni ndefu na inataka mtu aliyezoea. Tafuta Etifeddiaeth, ambayo ni fupi, umwombe msemaji wa Kiwelisi akusomee kwa sauti mara mbili, nawe ushike kalamu uandike konsonanti tu unavyozisikia. Ukishaziona zikipangana kwenye karatasi, rudi kwenye cwpled ya Llywelyn. Na Talwrn lenyewe bado liko hewani Radio Cymru, chini ya Ceri Wyn Jones, timu mbili mbili, maksi kati ya kumi.